Tekken inawaka, Winning inagoma: kisa cha faili tatu za BIOS

Mjomba wangu aliwahi kuwa na kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga. Televisheni nne, benchi la mbao, padi zenye nyaya zilizofungwa solotepu, na watoto waliovaa sare ambao saa ile walitakiwa kuwa darasani. Kibanda kilikufa zamani. Kilichobaki ni konsoli mbili za PlayStation chini ya kitanda, boksi la sidii, na masikio ya mzee ambayo hayajasahau kitu. Masikio hayo ndiyo yaliyoanzisha kisa hiki.

Binamu yangu alimtengenezea baba yake mashine ya kuchezea gemu zilezile: dekstopu ya mtumba iliyotoka ofisini, mfumo endeshi wa Linux Mint ndani yake, na RetroArch. Kwa asiyeijua, RetroArch yenyewe haichezeshi gemu. Ni ganda tu, unachomeka ndani yake injini ya konsoli unayoitaka. Binamu alizisoma sidii za mzee akazigeuza kuwa faili za bin na cue, akachagua injini ya PCSX ReARMed, na gemu zote zikawaka siku hiyohiyo. Mzee akacheza dakika kumi, akaweka padi chini.

"Hii siyo yenyewe," akasema. "Ile ukiiwasha inapiga hodi kwanza."

Alikuwa na maana ya ule mlio mzito wa mwanzo, skrini ikiwa nyeupe na nembo ya Sony Computer Entertainment katikati. Mlio huo, uliotungwa na Takafumi Fujisawa, haumo kwenye sidii. Umo kwenye BIOS, chipu ya kilobaiti 512 iliyogandishwa kwenye bodi ya konsoli. Ukiwasha konsoli bila sidii bado itapiga hodi, maana hodi ni ya nyumba, si ya mgeni. Chipu hiyohiyo ndiyo inayoamsha mashine, inayokupa ukurasa wa kusimamia memori kadi, na ndiyo yenye maktaba ya kazi ndogondogo ambazo gemu huziita zikiwa zinaendelea.

PCSX ReARMed isipoikuta BIOS hailalamiki. Ina BIOS ya kuigiza ndani yake, inafanya kazi zile za lazima, inaruka hodi na kuingia moja kwa moja kwenye gemu. Kwa hiyo binamu alishacheza siku nzima bila BIOS yoyote na akabaki na imani kwamba BIOS ni pambo tu. Imani hiyo ilitugharimu Jumamosi nzima.

Ili mzee apate hodi yake, binamu alihamia injini nyingine, Beetle PSX, ambayo haina mchezo wa kuigiza: haina BIOS, haina gemu. Inataka faili tatu, moja kwa kila soko ambalo Sony ililigawa: scph5500.bin ya Japani, scph5501.bin ya Marekani na scph5502.bin ya Ulaya. Majina hayo ni namba za modeli za konsoli zenyewe, utazikuta kwenye kibandiko cha chini. Binamu akazitafuta faili zake, akazijaribu kwenye laptopu yake ya Windows, gemu zote tatu za majaribio zikawaka kwa mlio. Akazinakili kwenye flashi, akazipeleka kwenye dekstopu ya mzee.

Tekken 3 ikawaka. Hodi ikapigwa, mzee akacheka kwa sauti. Wakaweka Winning Eleven: skrini nyeusi kwa sekunde mbili, kisha kurudishwa kwenye menyu. Crash Bandicoot nayo vilevile. Ndipo nikapigiwa simu.

"Kaka, sidii za mzee zimeshakufa. Mbili kati ya tatu hazisomeki."

Kosa la kwanza ni langu. Niliamini. Sidii ya Winning ilikuwa na mikwaruzo kama mgongo wa punda wa chokaa, na fundi akishaona mikwaruzo haulizi tena. Niliifuta kwa kitambaa laini, nikaisoma upya kwa drevu ya kwangu, nikaisoma kwa mwendo wa pole, nikalinganisha ukubwa wa faili mpya na ya zamani. Zilikuwa sawa. Nikairudia ya Crash. Sawa pia. Kumbe jibu lilikuwa mezani tangu asubuhi: faili hizohizo za bin zilicheza vizuri kwenye laptopu. Gemu inayocheza kwenye mashine moja haijafa. Ningemuuliza binamu swali moja tu, "kwako zilicheza?", ningeiachia drevu ipumzike.

Jioni, nikisubiri chai, nilizipanga kava tatu kwenye mkeka nikasoma namba zake. Hapa ndipo mambo yalipogeuka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kila sidii ya PlayStation ina namba ya herufi nne na tarakimu tano, na herufi ya tatu inasema soko. Tekken 3 ya mzee ni SCES-01237: E, Ulaya. Crash Bandicoot, aliyoleta shangazi kutoka Marekani, ni SCUS-94900: U, Marekani. Winning inaanza na SLPM: P, Japani. Mzee aliinunua pamoja na konsoli yake ya kwanza, ya Kijapani, iliyokuja kwa njia ya Dubai na stepdauni yake ya kushusha volti za umeme.

Basi gemu iliyowaka ni ya Ulaya na zilizogoma si za Ulaya. Mikwaruzo haichagui bara. Kitu pekee kwenye mnyororo ule kinachochagua bara ni BIOS, kwa kuwa Beetle PSX huisoma sidii kwanza, ikajua ni ya soko gani, kisha ikaenda kutafuta BIOS ya soko hilo. Kwa lugha nyingine, mashine ya mzee ilikuwa na BIOS moja tu, hata kama binamu aliapa kwamba alinakili tatu.

Nikafungua folda ambayo RetroArch hutegemea kwa kawaida, ~/.config/retroarch/system. Tupu kabisa. Kwa dakika moja nilijiona bingwa. Halafu nikakumbuka kwamba Tekken ilikuwa inawaka, na haiwezi kuwaka kutoka kwenye folda tupu. RetroArch ile iliwekwa kama Flatpak, njia ya kuweka programu ikiwa imefungiwa peke yake, na Flatpak ina chumba chake:

~/.var/app/org.libretro.RetroArch/config/retroarch/system

Ukiwa na mashine ambayo RetroArch imewekwa kwa njia mbili, utazikuta folda zote mbili, na utaweza kujaza isiyo sahihi mpaka kesho. Njia ya kukwepa kubahatisha ni kuiuliza RetroArch yenyewe: kwenye mipangilio ya folda inaandika ni wapi inatazama, na kwenye ukurasa wa taarifa za injini iliyopakiwa inaorodhesha kila BIOS inayohitajika na kama imeonekana au la. Ukurasa huo ulisema wazi: ya 5502 ipo, ya 5500 haipo, ya 5501 haipo. Ulikuwa unasema hivyo tangu asubuhi. Hakuna aliyeufungua, mimi nikiwemo.

Lakini folda ya Flatpak ilikuwa na faili tatu, kama binamu alivyoapa:

524288 SCPH5500.BIN
524288 SCPH5501.BIN
524288 scph5502.bin

Binamu akachungulia juu ya bega langu. "Si ndizo hizo? Zote zipo."

"Soma jina kwa sauti," nikamwambia. Akasoma. Kwa sauti ni jina lilelile, na Windows nayo inasikia kama binadamu: kwake SCPH5500.BIN na scph5500.bin ni kitu kimoja. Linux haisikii, inatazama. Herufi kubwa ni herufi nyingine kabisa, na injini iliyotumwa kumtafuta scph5500.bin ikimkuta SCPH5500.BIN inampita kama mtu asiyemfahamu. Faili ya Ulaya aliipata mahali pengine, ikaja na herufi ndogo, ndiyo maana Tekken ikapona. Nikazibadilisha majina zile mbili:

mv SCPH5500.BIN scph5500.bin
mv SCPH5501.BIN scph5501.bin

Winning ikawaka kwa hodi yake. Crash ikawaka. Mzee akaitwa kutoka barazani. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akanywa chai, akarudi kwake.

Nilikuwa nimeiwasha RetroArch kutoka kwenye terminali ili nione inachoandika, na ilipofungua Crash iliandika onyo: BIOS imepatikana lakini alama yake ya SHA1 (namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, kama alama ya kidole ya faili) si ile inayotarajiwa, na BIOS isiyotambulika inaweza kuleta kasoro. Gemu ilicheza tu. Onyo la aina hii watu wengi hulipita, na mara nyingi hawaoni madhara. Mimi lilinikera. Ukubwa ulikuwa sahihi, baiti 524,288 kamili, kwa hiyo faili haikukatika njiani wakati wa kunakili. Ilikuwa nzima. Swali likawa: nzima, lakini ni nani?

BIOS za PlayStation zina kitambulisho ndani, maandishi ya kawaida kabisa katikati ya msimbo. Huhitaji kifaa chochote cha ajabu:

strings scph5500.bin | grep Version

Ya Japani ikajibu System ROM Version 3.0 09/09/96 J. Ya Ulaya ikajibu 3.0 01/06/97 E. Tarehe imeandikwa Kimarekani, mwezi kwanza, na herufi ya mwisho ndiyo soko. Ya Marekani ilitakiwa kusema 3.0 11/18/96 A. Ilisema 2.2 12/04/95 A.

Hiyo si 5501. Ni BIOS ya modeli ya zamani zaidi, SCPH-1001, ambayo mtu fulani kule ilikotoka aliipa jina jipya ili emuleta, yaani ile injini inayoiga konsoli, inyamaze. Ni Mmarekani kweli, lakini anatembea na kitambulisho cha mdogo wake. Hili ndilo linaloponza wengi: wanahangaikia jina mpaka likae sawa, kisha wanalichukua jina kama ushahidi wa kilichomo. Jina la faili hubadilishwa kwa sekunde moja na yeyote. Alama ya MD5, ndugu ya SHA1, haibadiliki usipobadilisha yaliyomo. Ya 5501 halisi ni 490f666e1afb15b7362b406ed1cea246, na amri ya md5sum kwenye Linux, au certutil kwenye Windows, inakupa jibu kabla hujafungua gemu hata moja.

Nikamuuliza binamu faili alizitoa wapi. Akatazama pembeni. "Si mtandaoni tu, kaka."

Hapa nina maoni yangu na sitayaficha. Emuleta ni kitu kimoja na BIOS ni kitu kingine. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual Game Station, programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye Macintosh. Sony ikashtaki. Februari 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, ile ya mzunguko wa tisa, ikaipa haki Connectix: kuichunguza BIOS ya Sony ili kuandika yako mwenyewe ni matumizi halali. Mwaka uliofuata Sony wakainunua programu hiyo na ikazimwa, lakini hukumu ikabaki. Tazama kilichoruhusiwa: kuchunguza na kuandika upya. Ile BIOS ya kuigiza iliyomo kwenye PCSX ReARMed ni ya ukoo huo. Kuchukua msimbo wa Sony wenyewe na kuugawa ni jambo jingine, na hukumu ile haikuugusa. Ndiyo maana watengenezaji wa emuleta hawakuwekei BIOS ndani ya boksi. Wanakuambia ilete mwenyewe kutoka kwenye konsoli yako.

Na mzee konsoli anazo. Tukazivuta kutoka chini ya kitanda.

Ya Ulaya, SCPH-5502, ilikuwa na lensi iliyokufa lakini umeme unapita. Kwa kazi yetu lensi haihitajiki. Kuna mbinu iliyotolewa mwaka 2021, FreePSXBoot, inayotumia memori kadi iliyoandikwa maalum: unafungua ukurasa wa memori kadi wa konsoli, BIOS inaisoma kadi, inajikwaa, na programu yako inaingia mlangoni. Kadi niliiandika kwa Arduino, bodi ndogo ya kuprogramu, na programu ya MemCARDuino. Nilichoingiza ni Unirom, programu inayoweza kuisoma BIOS na kuituma nje, na kutoka hapo BIOS ilinyonywa kwa waya wa siriali kupitia tundu la nyuma ya konsoli. Kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, baiti 524,288 huchukua sekunde arobaini na sita hivi. Kuitafuta waya iliyofaa kulichukua siku nne. (Ukiwa na PS one, ile ndogo nyeupe, usihangaike na njia hii, tundu hilo waliliondoa.)

Nikailinganisha niliyoinyonya na ile ya binamu kwa amri ya cmp. Haikusema kitu. Ukimya wa cmp ni habari njema: hakuna hata baiti moja inayotofautiana.

Ya Kijapani, SCPH-5500, haikuamka. Nikaifungua, fyuzi imeungua na sehemu ya bodi ya umeme imekuwa nyeusi. Iliunganishwa kwenye volti 220 bila stepdauni.

"Nani aliifanya hivi, mjomba?"

"Wewe," akajibu bila kuinua macho kwenye padi. "Ulikuwa darasa la tano."

Sikuuliza zaidi. Faili ya 5500 ilibaki ile ya binamu, yenye kitambulisho sahihi, na konsoli yake iko chini ya kitanda kilekile. Nalala usingizi kwa hilo. Mwingine huenda asilale.

Ya Marekani hatukuwa na konsoli ya kuitetea. Sikutaka kuibadilisha faili ya jina la uongo kwa nyingine iliyopakuliwa. Lakini binamu ana PSP, konsoli ya mkononi ya Sony, na PSP huchezesha gemu za PlayStation ya kwanza kwa BIOS yake ya ndani, isiyobagua soko. Ikitolewa kwenye mfumo wa 6.60 wa PSP huitwa PSXONPSP660.bin, na Beetle PSX ina mpangilio wa kuitumia badala ya zile tatu. Tukaitoa, tukaiweka kwenye folda, tukawasha mpangilio. Crash ikawaka, onyo likatoweka.

Dakika tano baadaye mzee akaniita. Tekken haipigi hodi.

BIOS ya PSP haina ile skrini nyeupe wala mlio. Inakwenda kwenye gemu moja kwa moja. Na mimi niliuwasha mpangilio kwa injini nzima badala ya gemu moja, kwa hiyo nilikuwa nimezima hodi za nyumba yote kwa ajili ya mgeni mmoja. RetroArch inaruhusu kuhifadhi mipangilio ya injini kwa gemu moja pekee: unaifungua gemu yenyewe, unaingia kwenye mipangilio ya injini, unahifadhi faili ya gemu hiyo, ndipo unabadilisha. Nikaurudisha mpangilio wa jumla ulivyokuwa, nikaifanyia Crash peke yake. Nikahakikisha pia kwamba kile kipengele cha kuruka BIOS kimezimwa, maana kikiwashwa hata BIOS halali kabisa itanyamaza na utadhani faili ni mbovu.

Tukajaribu mara ya mwisho, mzee akiwa ameshika padi kama rubani. Tekken: hodi. Winning: hodi. Crash ikaingia kimya, yule mnyama tayari yuko ufukweni.

Mzee akasikiliza kidogo, kama bado anasubiri.

"Hii ya shangazi yenu," akasema, "haina adabu."